Mwenye Njaa Hana Miiko

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye njaa hana miiko. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa darasa la tatu, nimeitia katika insha zaidi ya kumi, na hata mwaka jana niliitumia kupamba hoja yangu katika mjadala wa Chama cha Kiswahili, nikapigiwa makofi. Lakini kusema ukweli, sikuwa nimeielewa. Mwaka huu ndio nimeielewa, tena kwa njia inayonitia haya kuisimulia. Mhariri amenisukuma mara tatu, nami nimesalimu amri. Msomaji mpendwa, hiki ni kisa cha biskuti.

Usicheke bado. Ngoja nikueleze.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, tena wa kutwa. Wenzangu wa kutwa wanajua uzito wa neno hilo. Mwenzetu wa bweni akisikia kengele huvaa viatu akaenda. Sisi kengele yetu ni jogoo, na jogoo wenyewe wakati mwingine tunawatangulia. Nyumbani kwetu ni bondeni, upande wa chini wa Kanyakine, mahali ambapo migomba imesongamana hata ukisimama mlangoni humwoni jirani. Kutoka huko hadi lango la shule ni mwendo wa saa moja na robo, guu mosi guu pili, na sehemu kubwa ya njia ni kupanda. Ili niwe nimeketi darasani kabla ya saa moja, sharti nitoke saa kumi na moja na nusu, wakati baridi ya Mlima Kenya ingali inatafuna masikio.

Mama hutoka kabla yangu. Yeye ni mchuuzi wa ndizi, na akitaka kupata nafasi nzuri sokoni Nkubu lazima awe barabarani saa kumi na nusu. Baba ni mlinzi Nairobi. Huja mwisho wa mwezi, na miezi mingine haji. Kwa hivyo alfajiri tunabaki watatu bomani: mimi, dada yangu mdogo aliye Gredi ya Nane, na nyanya ambaye macho yake yamefifia na hawezi kuwasha moto peke yake.

Sasa hapa ndipo penye kisa. Mwishoni mwa mwaka 2023, sisi tuliofanya ile KCPE ya mwisho kabisa nchini tulipashwa tohara, kama ilivyo desturi ya Wameru. Nikakaa ndani, nikafunzwa na wakubwa, nikatoka kijana wa kuheshimika. Nikajengewa nyumba yangu ya mbao, chumba kimoja, kando ya boma. Tulifunzwa mengi mazuri: kuheshimu wazee, kutokuwa waoga, kusema ukweli, kulinda wa kwetu. Tukaambiwa pia kwamba mwanamume hachungulii sufuria za mama yake. Nadhani waliotuambia hilo walitaka tuache kudeka. Lakini mimi, katika mafunzo yote yale, la sufuria ndilo nililolishika kwa mikono miwili, kwa kuwa ndilo lililokuwa tamu kwangu.

Basi kwa miaka miwili ikawa hivi. Dada yangu huamka saa kumi. Huwasha moto, huteka maji mtoni, hukoroga uji wa wimbi. Saa kumi na moja na robo husikia akigonga mlango wangu: "Kaka, uji uko tayari." Hunipa kikombe kikubwa kile cha bati. Nanywa, najifuta mdomo, nashika njia. Nyuma yangu yeye humpa nyanya chai, huosha vyombo, humfunga mbuzi malishoni, hufagia, kisha hukimbilia shuleni kwao, mwendo wa dakika arobaini. Katika miaka hiyo miwili sikuwahi kujiuliza yeye hunywa uji wake saa ngapi.

Ilikuwa siku ya Jumanne, mwezi wa pili mwaka huu. Tulikuwa katika somo la Historia, jua limeanza kupasha madirisha, mwalimu wa zamu alipochungulia mlangoni akaniita kwa jina. Nje nilimkuta jirani yetu wa pikipiki. "Twende," akasema, "dada yako ameanguka gwarideni." Sikumbuki tulivyoshuka ule mlima. Nakumbuka tu kwamba mikono yangu ilikuwa baridi, na midomo ilikuwa mikavu kama maganda ya kahawa.

Tulimkuta hospitalini, ameketi kwenye benchi, ameshika kikombe cha chai ya sukari kwa mikono miwili. Hakuwa na jeraha ila mchubuko mdogo kwenye paji la uso. Muuguzi, mama mmoja mpole, alikuwa akimwuliza maswali.

"Asubuhi ulikula nini?"

Dada yangu akanitazama mimi, si muuguzi. "Uji," akajibu.

"Saa ngapi?"

Kimya.

"Na jana?"

Kimya tena. Kisha akasema polepole, "Wakati mwingine muda hautoshi."

Muuguzi akageuka. "Na wewe kaka yake, leo umekula?"

Nikasema ndiyo.

Msomaji, nimewahi kuchapwa, nimewahi kuanguka mtihani, nimewahi kuchekwa na darasa zima. Hakuna lililoniuma kama neno lile "ndiyo" nililolitamka mwenyewe.

Walimpima damu, wakasema imepungua kidogo, wakampa vidonge vya madini ya chuma. Muuguzi akatuketisha akatufunza kama mwalimu. Alisema wasichana wa umri wake huhitaji madini ya chuma kuliko sisi wavulana, kwa sababu ya damu wanayopoteza kila mwezi. Alisema chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuyachukua madini hayo, kwa hivyo chai ingoje baadaye. Bali tunda kama chungwa, pera au papai husaidia. Na zaidi ya yote, akasema, mtoto asiende shule na tumbo tupu, maana ubongo nao hula.

Usiku ule sikulala. Kesho yake nilipogongewa mlango nikasema, "Leo sitaki uji, kunywa wewe." Nilijiona shujaa. Lakini wapi! Siku ya tatu nilisinzia katika Hisabati mpaka kalamu ikaanguka, na yeye nyumbani alikuwa akinimiminia kikombe kilekile, akisisitiza ninywe, tukibishana gizani huku dakika zinakimbia. Siku ya nne tukakubaliana tugawane na kila mmoja abebe wake katika chupa. Uji wangu ulifunguka ndani ya mkoba njiani, ukailowesha kamusi yangu kuanzia herufi A hadi M. Hadi leo ukifungua kamusi ile unasikia harufu ya wimbi. Kuhusu mandazi ya dukani, nilipiga hesabu: kila moja shilingi kumi, sisi wawili, mawili kwa kila mtu, siku tano, jumla shilingi mia mbili kwa wiki. Tena mandazi yenyewe ni ngano nyeupe, sukari na mafuta. Ukila saa moja, saa nne njaa imerudi na marafiki zake.

Ndipo nikaenda kwa nyanya. Alikuwa ameota jua nje, anachambua karanga kwa kuzipapasa.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "wewe unadhani shida yenu ni chakula? Wimbi upo. Ndizi zinaozea shambani. Karanga hizi hapa. Shida yenu ni moto wa alfajiri. Anayewasha moto hana wakati wa kula. Basi pikeni siku yenye nafasi, mle siku isiyo na nafasi."

"Nani atapika, nyanya? Dada ameambiwa apumzike."

Hakujibu moja kwa moja. "Siku ya sikukuu mkichinja mbuzi, nyama huchomwa na nani?"

"Na wanaume."

"Kwa moto?"

"Ndiyo, kwa moto."

"Moto huo wa nyama haujawahi kuwageuza wanawake? Basi huu wa wimbi utawageuza vipi?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akainuka, akapapasa ukutani, akatoa mwiko wake wa kusongea ugali, akaniwekea mkononi. "Shika, tuone kama utaanguka."

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufunza kwamba neno mwiko lina maana mbili: ni kile kijiti cha kupikia, na pia ni jambo lililokatazwa. Siku ile nilishika wa kwanza, na wa pili ukavunjika.

Wazo la biskuti lilitoka kwa dada yangu. Alikuwa amemwona shangazi yetu akioka keki ya harusi kwa sufuria na makaa. Akasema tukioka kitu kikavu kitakaa wiki nzima bila kuharibika. Naye alikuwa na haki, kwani neno lenyewe biskuti asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichopikwa mara mbili. Mabaharia wa zamani wa Ulaya walibeba biskuti melini kwa miezi mingi, kwa sababu kilichokauka sawasawa hakiozi upesi. Ikiwa biskuti ziliwavusha wao bahari, nikajiambia, zitashindwaje kunipandisha mlima wa Kanyakine?

Jumamosi nikakokota jiko la makaa hadi mbele ya nyumba yangu. Nilioka pale, si jikoni kwa mama. Woga wa kale haukutoka siku moja. Dada akaletewa kigoda, akaketi chini ya mwembe, akawa jemadari.

Mkupuo wa kwanza niliziweka moja kwa moja kwenye sufuria juu ya jiko lililofurika makaa. "Kaka, umeweka moto mwingi chini!" akapiga kelele. Sikusikia la mwadhini. Zikatoka nyeusi kwa chini, bichi kwa juu. Mbuzi peke yake ndiye aliyezisifu.

Mkupuo wa pili nilitumia unga wa wimbi mtupu. Ziliiva vizuri, lakini nilipoishika moja ikabomoka kama ukuta wa udongo wakati wa masika. Baadaye mwalimu wetu wa Biolojia alinieleza sababu: ngano ina gluteni, protini inayonata na kuushikamanisha unga kama gundi, na wimbi hauna gluteni.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumapili baada ya kanisa nikarudi uwanjani, na mara hii zikakubali. Nitakueleza jinsi, ili nawe usiwalishe mbuzi bure.

Chukua vikombe viwili vya unga wa wimbi na kikombe kimoja cha unga wa ngano. Tia kijiko kimoja cha chai cha poda ya kuokea na chumvi kidogo. Ponda ndizi tatu zilizoiva sana, zile zenye madoadoa meusi ambazo wateja wa mama huzikataa. Usizidharau: ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari, kwa hivyo ndiyo itakayotia utamu. Kaanga kikombe kimoja cha karanga, zitwange zibaki na chengachenga. Ongeza yai moja na vijiko vinne vikubwa vya mafuta. Changanya vyote mpaka unga ushikamane, ugawe vidonge arobaini vidogo, uvibonyeze kwa uma.

Kisha jiko. Weka mchanga mkavu na safi ndani ya sufuria kubwa, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga panga vijiwe vitatu, na juu ya vijiwe weka sahani ya bati yenye biskuti kumi. Funika kwa kifuniko bapa cha chuma. Makaa machache yawe chini, mengi yawe juu ya kifuniko. Mchanga huusambaza moto polepole usiunguze, na makaa ya juu huivisha mgongo wa biskuti. Baada ya dakika ishirini na tano hivi utasikia harufu, na majirani nao wataisikia. Ukishamaliza zote, zirudishe tena kwenye sufuria moto ukiwa umepoa, zikauke kwa dakika kumi na tano nyingine. Hapo ndipo zinapostahili jina lao, kilichopikwa mara mbili. Zikipoa kabisa zitie mkebeni, ufunge kabisa. Zangu hufika Ijumaa zikiwa nzima.

Nilitaka kutia kikombe cha sukari ili zifanane na za dukani, nyanya akakataa katakata. Nami nilipochunguza nikaona hakukosea. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mtu huipata katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama vijiko 12 vya chai, na heri zaidi ikiwa 6 tu. Chai zetu za nyumbani peke yake, nyinyi mnajua tunavyozitia!

Onyo lingine la nyanya lilihusu karanga. Kila iliyokunjamana au yenye ukungu aliitupa mbali, hata mbuzi hakumpa. Si ushamba huo. Ukungu huo huweza kuleta sumu iitwayo aflatoksini, na moto wa kupikia hauiondoi. Mwaka 2004, katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki, hasa pande za Makueni na Kitui, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo. Wameru nasi tulikuwa katika mkoa huohuo. Kwa hivyo chagua karanga zako kwa macho mawili.

Na wimbi wenyewe je? Wengi wetu tunauona kuwa chakula cha watoto na wagonjwa. Kumbe ni mwenyeji wetu. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, pande za Uhabeshi na Uganda, miaka elfu kadhaa iliyopita, kisha ukavuka bahari hadi India, ambako wengi huuita ragi. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya wimbi na uwele. Gramu 100 za wimbi hubeba zaidi ya miligramu 300 za kalisi, madini ya kujenga mifupa. Mchele na ngano hauzisogelei. Una madini ya chuma pia. Mahindi tunayoyaabudu ni mgeni kutoka bara la Amerika; wimbi ulikuwapo kabla yake.

Gharama nayo niliipiga hesabu. Unga, karanga, yai, mafuta, poda na makaa hunigharimu kama shilingi mia moja na sitini, maana ndizi ni za shambani. Biskuti arobaini: nne zangu, nne za dada, kwa siku tano. Mandazi yangekuwa mia mbili, tena yasiyoshiba. Mama alipoona hesabu hiyo aliniongezea ishirini ya makaa bila kuombwa.

Sasa shuleni. Siku ya kwanza nilizila nikitembea, nikakung'uta makombo kabla ya lango. Siku ya pili jamaa mmoja wa darasa letu akanifuma.

"Hee! Unakula nini asubuhi yote?"

"Biskuti."

"Za wapi?"

Ningeweza kusema ni za dada. Neno lilifika ulimini. Halafu nikakumbuka lile benchi la hospitali na lile "ndiyo" langu. Nikasema, "Nimeoka mwenyewe."

Habari haikukawia. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimebatizwa Mama Biskuti. Kijana mmoja niliyetahiriwa naye msimu mmoja alisimama mbele ya wenzetu akaniuliza ati nilifunzwa nini kule ndani. Nikamjibu kwamba nilifunzwa kulinda wa kwetu, na wa kwetu ameanguka kwa njaa nikiwa nimeshiba. Hakucheka tena, ingawa wengine walicheka. Jina bado ninalo. Lakini nawaambia kweli, wiki mbili baadaye waliokuwa wakinicheka ndio waliokuwa wakinyoosha mikono saa nne, "Mama Biskuti, nimegee hata nusu." Na yule wa kule ndani alinivuta kando, akaninong'oneza nimweleze tena habari ya mchanga, mchanga ni kiasi gani hasa. Nyumbani kwao wako sita.

Nisidanganye, biskuti si dawa ya kila kitu. Biskuti hazichoti maji. Nilipozikosha sababu za dada yangu kukosa muda, niliona uji ulikuwa mmoja tu katika nyingi. Kwa hivyo siku hizi maji nayateka mimi jioni nikitoka shule, na mbuzi namfunga mimi kabla sijaondoka. Yeye huamka saa kumi na moja na nusu, saa moja na nusu zaidi ya usingizi. Hula biskuti zake nne akiwa ameketi, kwa maziwa au kwa maji, na papai likiwapo. Chai hungoja. Aliporudi kupimwa baada ya miezi miwili damu ilikuwa imeongezeka. Sisemi ni biskuti. Vidonge vilifanya kazi yao. Lakini muuguzi alipomwuliza, "Asubuhi umekula nini?" alijibu haraka, akamtazama muuguzi, si mimi.

Lililobaki lilikuwa baba. Mama alikuwa hajamwambia, nami niliomba asimwambie. Mwisho wa mwezi wa tatu akaja. Jioni tukaketi kwa nyanya, mama akaweka biskuti kwenye sahani. Baba akala moja, akala ya pili.

"Hizi zimetoka duka gani? Si tamu sana, lakini zinashika tumbo."

Kabla mtu hajajibu, dada akasema, "Ni kaka huoka."

Baba akaacha kutafuna. Akaniangalia kwa muda ambao niliuona mrefu kama muhula. Nikatazama chini, nikihesabu vijiti vya kuni.

"Huoka yeye?"

"Mimi, baba."

Akachukua ya tatu, akaigeuza upande wa chini kuangalia kama imeungua. "Miaka kumi na miwili niko Nairobi," akasema. "Unafikiri huko mimi hupikiwa na nani?"

Nyanya ndiye aliyecheka kwanza. Jambo hilo sikuwa nimewahi kulifikiria. Baba yangu, mwanamume ninayemwogopa kuliko wote, amekuwa akisonga ugali wake usiku baada ya zamu, peke yake katika chumba kimoja, na hakuna siku alipoligusia nyumbani. Jumatatu alfajiri aliondoka tungali tumelala. Nilipofungua mkebe niligundua biskuti zilikuwa ishirini na nane badala ya arobaini.

Wenzangu wa kutwa, sikuandika haya ili nisifiwe. Nimeandika kwa sababu kila asubuhi, tukiwa tumepiga foleni, kuna kati yetu waliokuja na matumbo matupu na wanaosema wameshiba. Na kwa wavulana wenzangu nina swali moja: kama umekula leo, aliyekupikia naye amekula? Ukirudi jioni muulize, halafu umtazame machoni anapokujibu.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Kesho ni Jumapili, na juu ya kabati ndizi tatu zimeshaanza madoadoa. Dada ameniagiza kwamba wiki hii nisizikaushe sana, meno ya nyanya hayaziwezi.